Mgeni wa Kujitolea Nyumbani Mwangu

(Maneno haya yalisemwa na mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha upande wa Gatuanyaga, Thika, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.)



Nimeambiwa nizungumze juu ya kukaa na mgeni wa kujitolea kutoka ng'ambo. Mwenyekiti anasema kuna vikundi vitatu humu, viwili vya Ruiru na kimoja cha hapa Thika, vimeandikiwa barua kuulizwa kama vinaweza kupokea mtu. Basi mimi si mtaalamu. Nimepokea wageni wanne nyumbani mwangu kwa nyakati mbalimbali. Nimewapikia, nimewafundisha kufua kwa mkono, mmoja nimemuuguza tumbo siku tano. Mengine nitakayosema yananiaibisha mimi mwenyewe, lakini afadhali myasikie kwangu kuliko kwa jirani yangu, ambaye naye yuko hapa.

Jambo lenyewe si geni. Wazee waliosoma shule za harambee miaka ya sitini na sabini wanawakumbuka walimu vijana wa Kimarekani, wale wa Peace Corps, walioanzishwa na serikali yao mwaka 1961, na Waingereza wa VSO, ambao walianza 1958. Hapa Thika kwetu, Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya vipofu mwaka 1946, kisha Joytown ya watoto walemavu wa viungo mwaka 1962, na watu wa kutoka nje wamefanya kazi huko bega kwa bega na watu wetu. Wale wa zamani wengi wao walikaa miaka miwili, wakajua hata kutukana kwa Kikikuyu. Siku hizi wanakuja kwa njia nyingi. Wajerumani wana mpango wa serikali yao uitwao weltwärts, ulioanza 2008, wa vijana wa miaka 18 hadi 28, na wengi wao hukaa karibu mwaka mzima. Wengine wanalipa kampuni huko kwao, wanakaa wiki tatu au sita, wanarudi. Hao ni wageni wa aina mbili tofauti kabisa, na barua utakayoletewa pengine haitakuambia waziwazi ni wa aina gani. Uliza.

Wacha nianze na yule wa kwanza. Alikuwa msichana wa Kijerumani wa miaka 19, amemaliza shule juzi tu. Alifika Aprili, mvua ndiyo imeanza, na matatu ikamshukisha barabarani kwa sababu gari lisingeweza kuingia kwetu. Mnajua ule udongo mweusi wa upande wetu ukinyesha. Alikuwa na viatu vyeupe. Tulimbebea mzigo, tukamwambia avue viatu, akatembea miguu mitupu kilomita mbili huku watoto wa shule wanamfuata nyuma wakiimba "hauayu, hauayu". Alipofika akauliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha. Akatoka haraka, akauliza kama kuna kingine.

Sasa mtu asicheke. Mimi pia ningepelekwa kwao ningeuliza mengi.

Nataka mjue siku ya mgeni inavyokwenda, kwa sababu watu hufikiri kazi ni kumpa kitanda. Saa kumi na moja na nusu asubuhi jogoo, ng'ombe na redio ya mume wangu vinaanza pamoja. Yeye hakulala vizuri, maana mbwa walibweka usiku na aliogopa kutoka kwenda chooni. (Mnunulie ndoo yenye kifuniko. Nilikaa miezi miwili kabla ya kufikiria jambo hilo.) Anachota maji ya kuoga, beseni moja, na siku za kwanza anayamaliza kabla hajaondoa sabuni kichwani. Chai yetu ya maziwa na majani yaliyochemshwa pamoja anaipenda mara moja. Githeri siku ya kwanza anaipenda, siku ya nne anaiangalia tu. Kisha anakwenda kazini, na huko kazini ndiko kulikokuwa na shida, nitaeleza. Jioni anarudi amechoka kuliko mtu aliyelima, kwa sababu siku nzima amesikiliza lugha tatu na kuitwa mzungu na kila anayepita.

Akifika anaingia chumbani na kufunga mlango. Hapo ndipo sisi tulipokosana naye. Kwetu mtu akijifungia chumbani saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa jikoni, ama ni mgonjwa ama amekasirika. Nilituma watoto wamgongee. Nikaenda mwenyewe. Nikamwambia Baba Paroko kwamba mgeni ana huzuni. Kumbe kwao kukaa peke yako saa moja ni kupumzika, ni kama sisi tunavyokaa chini ya mwembe. Upande wake, aliniona mimi kama askari. Tulikuja kuelewana mwezi wa tatu, tukawekeana saa: mpaka saa moja na nusu hakuna mtu wa kumgongea, baada ya hapo anakuja jikoni atake asitake. Kama mngekuwa mmeniambia hilo mapema, ningeokoa machozi yake na yangu.

Mtu aliyemweka sawa hakuwa mimi. Ni mama mkwe wangu, ambaye watoto wote wanamwita Cucu, na ambaye hakujua neno la Kiingereza wala Kiswahili kingi. Walikaa pamoja mlangoni wakichambua maharagwe, huyu anasema Kikikuyu, yule Kijerumani, saa mbili nzima, na wote wakainuka wameridhika. Mpaka leo sijui walikuwa wakiambiana nini.

Sasa kazi. Barua ilisema atafundisha Kiingereza na kompyuta katika shule ya msingi. Shule yenyewe wakati huo stima haikuwa imefika. Kiingereza cha mwalimu wetu wa darasa la nne kilikuwa kizuri kuliko chake, na mwalimu alijua hivyo, na watoto walijua hivyo. Wiki ya pili mwalimu mkuu akampa madaftari asahihishe, basi. Alilia. Akaniambia, "Mama, nimetoka mbali kuja kuweka alama za vema?" Nami nilimjibu vibaya, nikamwambia hata mimi sikumwita.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu hili ni letu, si la wageni. Nani alikuwa ameandika ile barua? Ni sisi. Kamati yetu iliulizwa inahitaji nini, tukaandika vitu tulivyofikiri wazungu wanapenda kusikia. Hatukukaa chini kuulizana ni kazi gani kwetu inakosa mtu. Tungeulizana, tungepata jibu lile lile tulilolipata kwa bahati baadaye: vitabu vya kikundi.

Kikundi chetu wakati huo kilikuwa na wanachama 24. Tuliweka akiba kila wiki, tulikopeshana, na pesa za mzunguko zilikwenda kwa mmoja kila mwezi. Vitabu nilivishika mimi, na pesa nilizishika mimi, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia chini ya kitanda. Yule msichana alikuwa hana la kufanya mchana, nikampa madaftari ayanakili vizuri kwa mistari. Alikuwa na mwandiko safi na subira ya kuhesabu. Siku ya tatu akaniita nje nyuma ya zizi, mahali pasipo na mtu, akasema amehesabu mara tatu na shilingi 11,400 hazionekani.

Niliona miguu inakufa ganzi. Sikuwa nimeiba. Usiku mmoja mwanachama alinijia mtoto wake amelazwa, nikafungua kopo nikampa. Mwingine akanijia kwa karo. Mwingine kwa mbolea. Sikuandika, nikasema nitaandika kesho, na ile kesho ikawa miezi saba. Na katika hizo 11,400, wacha niseme ukweli mbele ya Baba Paroko, 2,000 zilikuwa zangu mwenyewe, nilinunua mahindi.

Msichana wa miaka 19, mgeni, angeweza kunyamaza au kunisema kwa mwenyekiti. Aliniuliza tu, "Utawaambia wewe au tutawaambia pamoja?" Tuliwaambia pamoja, Jumanne. Nilitozwa faini, nikalipa kwa miezi minne, na kuna wawili walitaka niondolewe. Hawakuwa na makosa. Tangu siku ile tuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ambao si maofisa, na pesa huhesabiwa mbele ya wote. Utaratibu huo wa kuweka na kukopa si wa wazungu, msidhani. Shirika la CARE lilianza kuutumia na akina mama wa Niger, huko Afrika Magharibi, mwaka 1991, ndio ukaenea mpaka kwetu. Mgeni hakutuletea sanduku. Alichofanya ni kuhesabu, na kwa sababu hakuwa shangazi wa mtu wala hakudaiwa na mtu, hakuona haya kusema jumla.

Juu ya wa pili sina mengi. Alikuja na wenzake tisa, vijana wa kiume, wiki mbili, kutujengea tangi la maji shuleni. Tulikuwa tayari tumekubaliana na fundi wetu, mtu wa hapo hapo, mawe ya Ndarugu yameshushwa. Tukamwambia fundi angoje, wageni wanataka kujenga wenyewe. Fundi akapoteza kibarua cha majuma mawili. Vijana walifanya kazi kwa bidii na kuimba, wakapiga picha, wakaondoka. Mvua za Oktoba tangi likavuja kama kikapu. Tukamrudia yule fundi, naye alituambia bei mpya bila kutuangalia usoni, na tukalipa. Wengine husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sawa, lakini angalia kwanza jembe hilo unalitoa mkononi mwa nani.

Sasa nafika kwa yule wa tatu, na hili ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Alikuwa msichana kutoka Uingereza, wiki sita, amelipa kampuni ya kwao pesa nyingi. Kampuni ilinilipa mimi chakula na kitanda. Kazi yake ilikuwa katika nyumba moja ya watoto upande wa Ruiru, ya mtu binafsi, jina lake silitaji. Kila asubuhi anapanda matatu mpaka Thika, halafu nyingine ya barabara kuu. Jioni ananisimulia: watoto 18, wanamkumbatia akifika, wanalia akiondoka. Alikuwa na moyo mzuri. Ila jioni moja akaniuliza, "Mama, kwa nini siku ambayo hakuna wageni wale watoto wengine hawapo?" Nikasema labda wameenda hospitali. Sikutaka kufikiri.

Wiki ya tatu alikuwa jikoni kwangu, na mwanachama mwenzetu mmoja alikuwa hapo ananisaidia kuchambua maharagwe. Mama huyu ni mjane, kibarua kwenye kahawa. Msichana akatoa simu kutuonyesha picha za watoto wake, anavyowaita. Mama yule akasema kwa furaha, "Huyu ni wangu!" Ni kijana wake wa miaka saba. Tulijua alimpeleka mtoto "shule ya bweni". Alikuwa ameahidiwa shule, sare na mfadhili. Chini ya picha kulikuwa na maneno ya Kiingereza, ambayo msichana aliyanakili kutoka karatasi za ile nyumba na kuwatumia rafiki zake wachange. Mama akaniuliza, "Imeandikwa nini?"

Mimi ndiye niliyejua Kiingereza kidogo. Nikaangalia yale maneno. Yalisema mtoto hana baba wala mama, alipatikana barabarani. Nilitaka kudanganya. Akauliza tena. Nikamsomea.

Aliweka ungo chini. Akakaa kimya muda. Halafu akasema, "Mimi nilikufa lini?"

Yule msichana hakuhitaji kutafsiriwa.

Ingekuwa hadithi, ningesema kesho yake tulikwenda wote kama jeshi. Haikuwa hivyo. Tuliitisha mkutano wa kikundi na tukagawanyika. Ikajulikana kwamba wanachama wengine wawili nao wana watoto katika nyumba ile. Wakasema: mtoto anakula nyama Jumapili, analala kwenye godoro, hapa kwangu atakula nini? Hilo si swali la kipumbavu. Nalo ndilo swali ambalo yule mwenye nyumba alilijua vizuri kuliko sisi. Tulibishana mpaka jioni. Mwishowe tukapiga kura, pesa za mzunguko za mwezi ule, ambazo zilikuwa zamu ya mwingine, zikaenda kwa sare, madaftari na gunia la mahindi la yule mjane. Mwenye zamu alikubali. Hakutaka jina lake litajwe leo, nami namheshimu.

Nilikwenda na mjane na naibu wa chifu kwa afisa wa watoto. Mtoto wake alirudi baada ya siku kumi na mbili. Wengine walirudishwa kwa ndugu zao mmoja mmoja, ikachukua karibu mwaka. Wale wanachama wawili walihama kikundi, na dada ya mmoja akawafuata. Mmoja hanisalimii mpaka leo, na tunakutana Misa ya kwanza kila Jumapili. Mimi nilipoteza pesa za kuweka wageni wa kampuni ile, maana hawakuniletea tena mtu, na pesa zile zilikuwa zikinilipia karo. Msichana alifuta ile picha, akawaandikia wote waliochanga kuwaambia ukweli. Kampuni haikumrudishia hata senti. Wiki zake zilizobaki alikaa kwangu akivuna maharagwe.

Sheria sasa inasema wazi. Serikali ilisimamisha kusajili nyumba mpya za watoto mwaka 2017. Kuna Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na mpango wa taifa wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto katika familia. Umaskini peke yake si sababu ya kumtoa mtoto kwa mzazi. Mkiona jambo la namna hiyo, kuna simu ya watoto, 116, haina malipo, na kuna afisa wa watoto. Kikundi kikiambiwa, "Tafuteni mayatima kumi, wageni watakuja," kikatae. Na mgeni akitaka kupiga picha ya mtoto, aulize mzazi, na mzazi aulize itaandikwa nini chini yake. Ndiyo, aulize hivyo hivyo.

Niseme haraka haya ya karatasi, kwa sababu Mwenyekiti anaangalia saa. Mtu wa kujitolea halipwi, lakini mbele ya Idara ya Uhamiaji anafanya kazi. Kuja kama mtalii hakutoshi. Kwa mashirika ya dini na ya hisani kuna kibali cha daraja la I, na kwa muda mfupi kuna pasi maalum. Shirika linalomleta ndilo liombe, si ninyi, lakini mwombeni nakala mapema. Tangu Januari 2024 viza za zamani hazipo, wageni wengi huomba idhini kwenye mtandao kabla ya kupanda ndege, na hiyo idhini si kibali cha kazi, msichanganye. Ombeni pia cheti cha polisi cha mwenendo mwema kutoka kwao, hasa kama atakuwa na watoto, na hata akiwa nacho asiachwe peke yake na watoto. Sisi tunaombwa cheti hicho hata kwa kazi ya ulinzi. Na kikundi chenu kiwe kimesajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, ili mkiandikiana mkataba muwe mnaandikiana kama watu.

Pesa za chakula andikeni: ni kiasi gani, zinalipwa lini, zinakwenda kwa mwenye nyumba kiasi gani na kwa kikundi kiasi gani. Nimeona vikundi viwili vikivunjika kwa sababu ya nani amlaze mzungu. Kama nyumba nyingi zinaweza, apokezane, mwezi hapa, mwezi pale. Mgeni asikopeshe mtu. Mwambieni siku ya kwanza mbele ya wote kwamba kikundi kimekataza, ili asionekane mchoyo akikataa. Yule Mjerumani wangu alikuwa ameombwa mikopo na watu kumi na mmoja kabla sijajua, mmoja wao mume wangu.

Na mumuulize anajua nini. Si shahada. Yule wa nne alikuwa mzee wa Kiholanzi, mstaafu, tulidhani atatufundisha biashara. Alijua kutengeneza cherehani. Cherehani sita zilizokuwa zimelala kanisani zikaamka, na vijana wawili wakajifunza kwake, na mmoja ana kibanda chake pale stendi ya Thika. Hakukuwa na neno juu ya cherehani katika barua yake, wala katika yetu.

Nimesema nilichokuwa nacho. Kuna mama wa Ruiru pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja ile nyumba ya watoto. Mama, simama tu, uliza.